Kimya cha ofisini kwangu

Siku niliyokabidhiwa ghala la vipuri, kabla hata sijajua choo kiko wapi, niliweka trei mbili juu ya meza. Moja niliibandika karatasi iliyoandikwa "Zinasubiri", nyingine "Zimesainiwa". Aliyenitangulia alikuwa ameacha mambo shaghalabaghala: mzigo ulitoka bila hati, lori liliondoka na bidhaa za mteja mwingine, na ukimwuliza mtu anakuambia aliagizwa na fulani, na fulani naye aliagizwa na fulani. Nikawakusanya watu wangu 31 wa zamu zote mbili, nikawaambia kuanzia leo hata skrubu moja haitoki mlangoni bila saini yangu. Niliwaona wakitazamana. Nikadhani ni heshima.

Miezi miwili ya kwanza nilijiona mchapakazi kweli. Nafika wa kwanza, naondoka wa mwisho, simu haitoki sikioni, trei ya kushoto imefurika. Kila nikiinua kichwa kuna mtu amesimama mlangoni ameshika karatasi. Nyumbani nilikuwa nikilalamika kwamba pale bila mimi hakiendi kitu, na kwa ninavyojijua, yalikuwa malalamiko yenye majivuno ndani yake.

Ikaja siku ya mkutano wa wakuu wa idara. Tulifungiwa ukumbini tangu asubuhi, simu zimezimwa. Niliporudi ghalani saa kumi jioni nilimkuta mteja mmoja amekaa juu ya kreti tupu karibu na dirisha la kutolea mzigo. Mashine yake ilikuwa imesimama, akaja kuchukua beringi nne. Alikuwa ameshalipa. Beringi zilikuwa zimeshafungwa kwenye boksi, boksi limeandikwa jina lake, liko juu ya kaunta hatua tatu kutoka alipokaa. Alikuwa akilitazama tangu saa nne asubuhi.

Nikasaini, akaondoka bila kuniaga. Nikamgeukia mtunza ghala: "Sasa wewe, hata akili kidogo hukutumia?"

"Mkuu," akasema, taratibu kabisa, "ulituambia bila saini yako hata skrubu isitoke."

Nilikasirika sana, na kilichonikasirisha ni kwamba sikuwa na la kumjibu.

Baadaye nilikuja kusoma habari za Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Kifaransa ambaye mwaka 1916 alichapisha kanuni 14 za uongozi, zile zile ambazo mpaka leo wanafunzi wa menejimenti hukaririshwa. Kanuni zenyewe nilikuwa nimewahi kuzikariri mtihani ukaribiapo, zikanitoka mtihani ulipokwisha. Kilichonishika safari hii kilikuwa kisa cha farasi. Mwaka 1861, Fayol akiwa bado kijana mgodini, farasi aliyefanya kazi chini ya ardhi alivunjika mguu. Fayol akaandika agizo la kupewa farasi mwingine. Mtu wa zizi akakataa: agizo halina saini ya mkurugenzi. Mkurugenzi hayupo, na hakuna aliyeachiwa nafasi yake. Fayol akambembeleza, yule bwana akashikilia kwamba hivyo ndivyo alivyoamriwa. Kazi katika sehemu ile ya mgodi ikalala. Fayol akaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba mamlaka lazima wakati wote yawe na mtu wa kuyasimamia.

Nilisoma kisa hicho mara mbili. Miaka zaidi ya 150 baadaye, mimi ndiye niliyekuwa yule mkurugenzi asiyekuwepo, na mtunza ghala wangu, niliyemsema vibaya mbele ya wenzake, alikuwa mtu wa zizi aliyefuata alichoambiwa.

Basi nikaanza kuzigawa saini. Mzigo uliokwisha kulipiwa, mtunza ghala anasaini mwenyewe. Wa mkopo, supavaiza wa zamu. Kwangu vikabaki vitu vya kufutwa kwenye hesabu, vilivyorudishwa na wateja, na mzigo wa mkopo unaozidi kiwango tulichokubaliana na wahasibu. Karatasi 50 kwa siku zikawa tano, siku nyingine nne.

Mtu angedhani hapo ndipo nilipojifunza kukasimu madaraka. Thubutu! Wiki nzima ya kwanza, watu wakishaondoka, nilikuwa nikivuta lile faili la hati na kuzipitia moja moja, nazilinganisha na kompyuta. Siku ya nne mtunza ghala alirudi kuchukua mwavuli wake akanikuta. Hakusema kitu. Kesho yake nikakuta trei yangu imejaa tena: kila hati ameisaini yeye, kisha akaileta kwangu "kwa uhakika zaidi." Alikuwa ameshanielewa kuliko nilivyojielewa. Na wiki ya tatu, alipompa mteja gasketi ya mashine nyingine, nilimnyang'anya saini kwa siku saba. Gasketi yenyewe ilirudishwa na kubadilishwa siku hiyo hiyo. Zile siku saba zilinigharimu miezi, maana baada ya hapo hakuna aliyetaka tena kusaini chochote chenye shaka hata ndogo. Ukimpa mtu jembe nawe ukabaki umeshika mpini pamoja naye, mnalima polepole kuliko yeyote kati yenu angelima peke yake.

Nilipomrudishia, sikumrudishia saini tupu. Tulikaa naye, akaniambia ni hati za aina gani zinamtia wasiwasi. Zilikuwa mbili tu, zote za vipuri ambavyo namba zake zinafanana isipokuwa herufi ya mwisho. Tukavihamishia kwenye rafu mbili zilizo mbali. Jambo la dakika 20, nami nilikuwa nimemwadhibu kwa siku saba.

Tatizo la pili nilielezwa na supavaiza wa zamu ya asubuhi, mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi pale kabla yangu kwa miaka mingi. Aliingia ofisini, akafunga mlango, nikamwonyesha kiti, akabaki amesimama.

"Meneja, naomba kuuliza. Wale vijana ni wangu au ni wako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Maana jana niliwapanga wanne kwenye kontena. Ukapita, ukawachukua wawili wakakuhesabie vichujio. Kontena likalala. Leo barua ya kujieleza nimeandikiwa mimi."

Akaitoa barua, akaiweka mezani katikati ya zile trei mbili.

Mimi kupita ghalani kila asubuhi nilikuwa nakuona ni uongozi mzuri: kuwajua watu kwa majina, kuona mambo kwa macho. Na kupita si vibaya, mpaka leo napita. Ubaya ulikuwa mdomo wangu. Kila nilipoona jambo nilitoa amri pale pale kwa aliyekuwa karibu, na mfanyakazi akishapewa agizo na bosi wa bosi wake, la bosi wake ataliacha tu. Hana ujanja mwingine. Nilikuwa nimewapa watu wangu mabosi wawili, halafu yule mdogo nikamwachia lawama. Vijana nao walikwisha kuung'amua mwanya huo kwa upande wao: aliyenyimwa ruhusa na supavaiza alikuja kwangu, akaipata.

Barua ile nilikwenda nayo makao makuu mwenyewe, nikaeleza kontena lililala kwa sababu yangu. Mkurugenzi alishangaa kidogo, nadhani zaidi kwa vile nilimpotezea muda. Kwa supavaiza lakini, jambo hilo lilibadilisha mengi. Tukakubaliana naye: nikiona kitu ghalani, nitamwambia yeye, isipokuwa pana hatari ya mtu kuumia. Na mfanyakazi akija kwangu na shida ya zamu, swali langu la kwanza liwe moja: "Supavaiza wako ameshasikia?" Wiki za mwanzo lilinikaa mdomoni kama kokoto. Nilizoea kuwa mtoa ruhusa, mtu mwema.

Hapa pana jambo ambalo wapenda ngazi hulisahau. Huyo huyo Fayol aliyesisitiza kila mtu awe na bosi mmoja, aliona pia kwamba barua ikipanda ngazi zote za idara moja na kushuka ngazi zote za idara nyingine, kazi itakufa njiani. Akapendekeza daraja: watu wawili wa ngazi moja katika idara mbili wazungumze moja kwa moja, ilimradi wakuu wao wameridhia na wanaarifiwa. Kwetu, mtunza ghala akiona tofauti kwenye ankara aliniandikia mimi, nami naandika kwa mkuu wa wahasibu, naye anampa karani wake, na jibu linarudi njia hiyo hiyo likiwa limechoka. Karani mwenyewe alikaa chumba cha pili. Tuliwapa ruhusa wasemezane. Tofauti zilizokuwa zikichukua wiki zikawa za asubuhi moja, na mimi nikagundua kwamba sehemu kubwa ya kile nilichokuwa nakiita uongozi ilikuwa kazi ya tarishi.

Ila yote haya ni utaratibu, na utaratibu hunyooka ukiamua. Kilichonitesa zaidi ni kingine, na sikukiona mapema kwa sababu hakikuwa na sauti.

Kila Jumatatu tulikuwa na kikao. Nikimaliza yangu nauliza: "Kuna tatizo lolote?" Wanajibu kwa pamoja: "Hakuna, mkuu." Nami kwenye ripoti ya mwezi naandika kwamba sehemu ya ghala haina tatizo la kuripotiwa. Mkurugenzi alifurahi. Katika kikao kimoja cha wakuu alitutaja kwa mfano.

Tukahesabu mali ya nusu mwaka. Vichujio vya mafuta vya aina moja: kompyuta inasema 640, kwenye rafu vipo 400. Tukahesabu tena, 400. Nikaanza kufikiria wizi, nikatazama nyuso za watu kwa namna ambayo leo nikikumbuka naona haya. Nikaamuru mikoba ikaguliwe mlangoni.

Siku ya pili ya ukaguzi wa mikoba, kijana mmoja mpakiaji, mdogo kuliko wote, alinifuata nje kwenye maegesho ya malori.

"Mkuu, vile vichujio havijaibiwa. Maboksi yamekuwa mepesi."

Nikamwambia afafanue. Kumbe msambazaji alibadilisha ufungaji. Boksi lile lile, rangi ile ile, maandishi yale yale, lakini badala ya vichujio 24 sasa linabeba 12, na tofauti hiyo imeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo. Yalipokelewa maboksi 20. Karani alizidisha kwa 24 kama alivyozoea, akaingiza 480, na vilivyoingia ni 240. Huyo kijana aliyebeba maboksi kwa mikono yake alijua siku ile ile. Bega lake lilimwambia kitu ambacho kompyuta ilikuja kukosea kwa miezi minne.

"Na hukusema kwa nini?"

Akatazama magurudumu ya lori. "Yule mwenzetu aliyekuja kukuambia amevunja kioo cha geji, ulimwambia mbele yetu, 'Umevunja, na bado una mdomo wa kuja kunieleza?' Tukaona bora kunyamaza."

Sikukumbuka kusema maneno hayo. Sikumbuki hata leo. Yeye alikumbuka siku, alikumbuka shati nililovaa.

Nadhani hapa ndipo nilipoanza kuwa meneja, mwaka mzima baada ya kupewa cheo. Kimya cha Jumatatu nilichokuwa nikikisoma kama afya, nilikijenga mwenyewe, kwa sentensi moja ambayo kwangu ilikuwa hasira ya kupita na kwa watu 31 ilikuwa sheria.

Pana utafiti wa Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, ambao kila nikiukumbuka nacheka kwa uchungu. Katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali, akitegemea kwamba timu zinazoelewana vizuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu bora ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi. Alipochimba zaidi akaona kwamba tofauti ilikuwa kwenye kuyasema. Katika wodi zenye viongozi wanaosikiliza, wauguzi waliyataja makosa, kwingine waliyafunika. Kwa hesabu za karatasi peke yake, wodi yenye hofu ingepewa cheti. Mimi nilipewa sifa kikaoni.

Deming naye, Mmarekani aliyekwenda kuwafundisha Wajapani udhibiti wa ubora kuanzia mwaka 1950, aliweka kuondoa hofu kazini miongoni mwa hoja zake kuu, ambazo nazo zilikuwa 14. (Sijui wakubwa hawa walipenda nini katika namba hiyo.) Na kule Toyota, mfanyakazi wa kawaida kwenye mstari wa kuunganisha magari ana kamba ya kuvuta, au siku hizi kitufe cha kubonyeza, akiona kasoro, anakuja kiongozi wa timu, na tatizo lisipotatuliwa haraka mstari unasimama. Watu wengi husimulia habari ya kamba. Mimi hunivutia zaidi yule kiongozi wa timu anayekuja mbio. Kamba ni rahisi kuifunga. Kazi ni uso atakaokuja nao mtu aliyeitwa.

Nilinunua daftari kubwa la jalada gumu, nikalichora safu nne: kimetokea nini, wapi, chanzo ni nini, kifanyike nini. Chini ya kila ukurasa pana nafasi ya saini yangu kuonyesha nimesoma. Jina la aliyekosea haliandikwi. Nikalitundika kwa kamba kando ya kaunta pamoja na kalamu, nikaelezea kwenye kikao, nikajibiwa "Sawa, mkuu."

Siku tisa likabaki jeupe. Hata vumbi lilianza kukaa.

Siku ya kumi nikaandika la kwangu. Nilikuwa nimesaini kufutwa kwa mipira sita ya hewa kama imeharibika bila kwenda kuitazama. Supavaiza akaikuta ni mizima, ila ilikuwa imewekwa kwenye kreti la vibovu. Nikaandika: kimetokea, mali nzima imefutwa, chanzo, mkuu wa ghala alisaini akiwa amekaa. Niliona vijana wakipokezana kulisoma, mmoja akamwita mwenzake. Kesho yake supavaiza aliandika la kwake. Wiki iliyofuata, kwa mwandiko wa kujikongoja: geji imevunjika, rafu ya juu haina kizuizi. Hiyo geji ya pili. Tukaweka kizuizi, kipande cha mbao tu, na hazijavunjika tena.

Mwezi wa kwanza tulikuwa na maandishi matatu, wa pili 17, wa tatu 26. Mkurugenzi akaniita.

"Tangu uanze hilo daftari lako, makosa yameongezeka. Idara nyingine hazina makosa."

Nilikuwa na jibu refu nililoliandaa, la Edmondson na wodi zake. Nilipofungua mdomo likatoka fupi: "Mkuu, idara nyingine hazina daftari."

Alinitazama kwa muda. Akasema sawa, tutaona kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka. Nilitoka pale jasho linanitiririka, na nikiri kwamba usiku ule nilifikiria kulifunga. Ni rahisi kusema ukweli wa wengine usemwe. Ripoti yenye makosa 26 ikibeba jina lako ni habari nyingine. Hesabu ya mwisho wa mwaka ilipokuja, aina za vipuri zilizotofautiana na kompyuta zilishuka kutoka 38 hadi 11, na zote 11 tulikuwa na maelezo yake kwenye daftari kabla hatujaanza kuhesabu. Mkurugenzi hakusema lolote kuhusu daftari. Hakuniuliza tena, basi.

Nisieleweke vibaya. Katikati ya mwaka huo huo mtu mmoja alikamatwa akitoa mzigo usiku kwa hati ya kughushi, na wapo waliodhani kwa kuwa "hapa makosa hayaadhibiwi" angeonywa tu. Alipitia taratibu zote za nidhamu, alisikilizwa, akaachishwa. Aliyekosea na aliyedhamiria hawakai kwenye safu moja ya daftari. Nilishangaa kwamba waliofarijika zaidi na uamuzi huo walikuwa wale wale waliokuwa wakiandika makosa yao kila wiki.

Kosa moja kubwa sikuliandika daftarini kwa sababu halikuingia kwenye safu yoyote. Nilikuwa na mfungaji mizigo ambaye mikono yake ilikuwa kama ina macho. Alifunga boksi mbili wenzake wakifunga moja, na halirudi. Nafasi ya supavaiza wa jioni ilipotokea nikampa yeye. Nilitaka kumshukuru. Mwaka 1969 Laurence Peter alitoa kanuni yake ya nusu mzaha kwamba katika ngazi za kazi kila mtu hupandishwa hadi afike asipoweza, na mimi nilimsukuma kijana wangu mpaka pale kwa mikono miwili. Nilipoteza mfungaji bora nikapata supavaiza anayewapokonya watu maboksi mikononi kwa sababu hawezi kuvumilia wanavyoyafunga. Kila jioni alibaki peke yake anafunga, wenzake wamesimama. Alikonda. Baada ya miezi mitano alikuja mwenyewe: "Mkuu, naomba nirudi kwenye meza yangu, lakini nitawaambia nini nyumbani?"

Kumrudisha ilikuwa rahisi. Kumrudisha bila kumvunja heshima ndiyo ilinichukua wiki sita za kuandikiana na watu wa utumishi, mpaka wakakubali abaki na mshahara wake na awe mkufunzi wa wafungaji wapya. Wakati huo wote nilikuwa nikijiuliza kwa nini shirika halina njia ya kumwambia mtu asante isipokuwa kumwondoa kwenye kazi anayoiweza. Bado najiuliza.

Na supavaiza wa asubuhi? Yule mama alistaafu mwaka jana. Siku zake za mwisho alinipa somo jingine, akiwa anafungasha vitu vyake. Aliniambia amesikia nikiwatangazia wapya kwamba mlango wangu uko wazi. "Mlango uko wazi, Meneja, nakubali. Ila uso wako unasema kabla ya mdomo." Nilimkatalia. Nilimkatalia, nadhani, kwa uso ule ule.

Mwezi uliopita lori letu liliharibika likiwa limebeba mzigo wa wateja watatu, na habari ikaletwa kwangu dakika tano baada ya mimi kutoka kwa mkurugenzi, ambako bajeti yangu ilikatwa. Sikumbuki niliyosema. Jioni nilipokwenda kusaini daftari nikakuta maandishi mapya, wino bado unang'aa. Kimetokea: mkuu wa ghala amemkaripia aliyeleta taarifa ya lori. Wapi: ofisini kwake. Chanzo: alikuwa ametoka kwa mkurugenzi. Kifanyike: tuwe tunauliza kwanza ametoka wapi.

Nililisoma nimesimama. Kuna mtu nyuma yangu alikuwa akipanga boksi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikachukua kalamu, nikasaini.